Mti Ukaao Majini: Historia ya Mpodo wa Minziro

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, wilaya za Ngara na Biharamulo

 Kaeni vizuri, taa iwekwe katikati, na mwenye miwani amsaidie asiye nayo.

Somo la leo limetokana na swali. Nilipolitembelea darasa moja la jioni wilayani Biharamulo, mama mmoja mtu mzima, ambaye sasa aandika jina lake bila ya kushikwa mkono, alisimama akasema: "Bwana Elimu, nilipewa miche ya misindano, nikaipanda bondeni kwangu penye tope, maana mlimani nimelima mihogo. Yote ikafa. Majani yaligeuka manjano, na nilipong'oa mche mmoja nikaona mizizi yake imeoza. Je, katika ukoo wa miti ile hakuna hata mmoja upendao maji?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu pale pale. Nikamwahidi kwamba nitatafuta. Nilipotafuta niliona kwamba jibu lake ni historia ndefu, tena yapita mlangoni petu hapa Ngara. Ndiyo sababu leo, badala ya kuwasomea habari za watawala na vita peke yake, nawasomea habari za mti.

Kwanza tuujue ukoo wenyewe. Msindano, msaiprasi, mwangati na mpodo ni miti ya ukoo mmoja wa kale sana. Haitoi maua kama mwembe au mbuni. Mbegu zake hazifichwi ndani ya tunda, bali hukaa wazi, na mara nyingi hushikwa katika kitu kigumu chenye magamba, kiitwacho koni. Watoto wenu huziokota koni za msindano na kuzichezea. Mpodo umeiacha desturi hiyo kidogo, kwa maana mbegu yake hufunikwa na ngozi nene laini, hata mtu asiyejua angesema ni tunda. Lakini si tunda, na undugu wake na msindano haujakatika. (Msiuchanganye ukoo huu na mvinje wa pwani. Mvinje wafanana na msindano kwa sura tu, kama watu wawili wafananavyo sokoni bila ya kujuana.)

Sasa, kwa nini misindano ya yule mama ilikufa? Watu wengi hudhani kwamba mti hunywa maji tu, na kwa hiyo maji yakizidi ni neema. Sivyo. Mizizi nayo hupumua. Katika udongo wa kawaida kuna nafasi ndogo ndogo zilizojaa hewa. Maji yakizijaza nafasi hizo siku baada ya siku, mizizi hukosa pumzi, huoza, na mti hufa kwa kiu huku umesimama majini. Hivyo mti uwezao kuishi kinamasini ni mti uliojifunza njia yake ya kuvumilia. Si wengi wa ukoo wa msindano waliojifunza.

Maarufu kuliko yote uko mbali, kusini mashariki ya Marekani. Ni aina ya msaiprasi uotao ndani ya vinamasi, shina lake likiwa pana chini kama mtungi. Kutoka mizizini huinuka vigingi vya mti, ambavyo wenyeji huviita magoti, na wataalamu wangali wakibishana kuhusu kazi yake. Majira ya baridi yakikaribia, mti ule hupukutisha majani yake yote, jambo ambalo msindano haufanyi. Kwa ajili hiyo Wamarekani wameuita msaiprasi wenye upara. Na umri wake ni wa kushangaza. Mwaka 2019 mtaalamu David Stahle na wenzake walitangaza kwamba katika kinamasi cha mto Black River, jimbo la North Carolina, uko mmoja wenye umri usiopungua miaka 2,624. Uliota kiasi cha miaka 600 kabla ya kuzaliwa Kristo, na bado unatoa majani.

Walijuaje? Hawakuukata. Mti wa nchi zenye baridi hulala majira ya baridi na kuamka majira ya joto, na kila mwaka huacha mstari mmoja wa mviringo ndani ya shina. Wataalamu hutoboa tundu jembamba, huvuta kijiti chembamba kama penseli, kisha huhesabu mistari. Mwaka wa mvua nzuri mstari huwa mpana, na mwaka wa ukame huwa mwembamba. Mti ule, basi, ni daftari. Mwaka 1587 Waingereza walipeleka watu kukaa katika kisiwa cha Roanoke, pwani ya nchi ile. Meli iliporudi mwaka 1590 hawakuonekana hata mmoja. Vitabu vilitaja sababu nyingi. Mwaka 1998 Stahle na wenzake waliisoma mistari ya miti ya vinamasini, wakaona kwamba watu wale walifika wakati ule ule ukame ulipoanza, na kwamba ukame wa 1587 hadi 1589 ulikuwa mkali kuliko wote katika miaka 800. Mti haukusema ni nani aliyewaua, wala kama waliuawa. Ulisema tu kwamba mahindi hayakuota.

Tena iko habari nyingine ya vinamasi vile ambayo yatuhusu sisi Waafrika. Kati ya Virginia na North Carolina kuna kinamasi kikubwa kiitwacho Great Dismal Swamp. Huko watumwa wa asili ya Afrika walifanyishwa kazi ya kukata miti na kuchonga vigae vya mbao vya kuezekea nyumba. Na huko huko watumwa waliotoroka walijificha, wakajenga vibanda juu ya vijisiwa vikavu, na wengine wakaishi miaka mingi, mpaka vita vya 1861 hadi 1865 vilipoumaliza utumwa. Mahali ambapo farasi na mbwa wa bwana hawakuweza kupita, mtu aliweza kuishi. Lishikeni jambo hilo la kinamasi kumlinda aliye ndani yake, maana tutalikuta tena karibu na kwetu.

Turudi sasa nyumbani. Ninyi wa Ngara mwajua maporomoko ya Rusumo. Hapo karibu ndipo Ruvubu, utokao Burundi, ukutanapo na mto utokao Rwanda, na maji yote pamoja huitwa Kagera. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka hapo kuingia Rwanda. Kutoka Rusumo mto waelekea kaskazini, ukijitawanya katika mafunjo na vijiziwa, Rwanda ikiwa mkono wa kushoto na sisi mkono wa kulia. Wapita Karagwe na Kyerwa, kisha wageuka mashariki, wafika Kyaka katika wilaya ya Missenyi. Halafu ardhi yawa tambarare kabisa, na mto, ambao huku kwetu ulikuwa ukinguruma, watambaa polepole kuelekea Uganda na Ziwa Viktoria. Ninyi wa Biharamulo msidhani kwamba mmesahaulika, maana maji yenu nayo huishia katika ziwa lile lile.

Katika uwanda ule wa Missenyi ndipo ulipo msitu wa Minziro, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 250 hivi. Majira ya mvua sehemu kubwa yake hufurika. Anayetembea humo huvua viatu, na mara kwa mara huuliza kama kweli yuko msituni au ziwani. Na katikati ya maji yale, pamoja na mti mwingine mkubwa wenye maua meupe mapana, umesimama mti wa ukoo wa msindano. Ni mpodo. Waganda huuita musenene, jina ambalo kwa mtu wa Kagera laleta harufu ya senene waliokaangwa mwezi wa Novemba, ingawa mti hauna habari nao.

Kwa hiyo yule mama alicheka mwisho. Mti alioutaka upo, tena upo katika mkoa wake. Wapishana na ule wa Marekani kwa jambo moja, kwamba haupukutishi majani. Miti ya miombo ya Biharamulo huvua majani yake wakati wa kiangazi ili kubana maji, lakini mpodo, ambao haupungukiwi maji, wabaki wa kijani mwaka mzima. Na kwa kuwa hapa kwetu hakuna baridi ya kuulaza, mistari ya shina lake haihesabiki kwa urahisi. Daftari lake limeandikwa kwa mwandiko mgumu. Mipodo mikubwa ya Afrika ya Kusini yahesabiwa kuwa na umri wa karne kadhaa, lakini huu wa kwetu historia yake hatuna budi kuitafuta mahali pengine, katika matope na miamba, na katika makaratasi ya serikali.

Tuanze na matope. Liko jambo moja la ajabu juu ya Minziro. Mahali pengi mpodo ni mti wa milimani. Mwauona Usambara na Kilimanjaro, katika ukungu na baridi. Minziro si mlima. Kimo chake chazidi kidogo tu kile cha Ziwa Viktoria, kama mita 1,130 juu ya bahari. Mti wa mlimani ulishukaje hadi bwawani?

Wataalamu wa miamba wasema kwamba zamani sana, kabla ziwa halijakuwapo, mto Kagera haukwenda mashariki. Ulikwenda magharibi, kuelekea Kongo. Kisha ardhi ya upande wa Bonde la Ufa la magharibi ikainuka polepole, mto ukazuiwa, maji yakarudi nyuma, yakajikusanya katika nchi iliyobonyea, na hilo likawa ziwa. Si ziwa lililotulia. Watu walipotoboa matope ya chini yake, walikuta tabaka la udongo uliowahi kukauka juani. Miaka 17,000 hivi iliyopita, dunia ilipokuwa na baridi na Afrika yetu ilipokuwa kavu, Ziwa Viktoria lilikauka. Mahali ambapo leo meli hupita kati ya Bukoba na Mwanza mtu angeweza kutembea kwa miguu. Kisha, kabla ya miaka 14,000 iliyopita, mvua zilirudi na ziwa likajaa tena.

Maelezo wanayoyatoa wataalamu wa miti ni kwamba katika zama zile za baridi miti ya milimani ilishuka bondeni, kwa sababu bonde lilikuwa na hali ya hewa ya mlima. Joto liliporudi, miti mingine ikaja kuishindania nchi, na mipodo mingi ikabaki juu milimani tu. Lakini ile ya Minziro haikuondoka. Miti mingi ya nchi kavu haikuweza kusimama katika udongo uliojaa maji, na ule wa mlimani uliweza. Kinamasi kikaulinda. Wako wataalamu ambao hata leo wahesabu kwamba mpodo huu na ule wa Usambara ni mti mmoja, na wengine wasema umekaa majini muda mrefu hata umekuwa mti mwingine. Mimi si bwana miti, sitawaamulia.

Sasa tuje kwa watu. Katika nchi ya Buhaya, karibu na Bukoba, watu walikuwa wakiyeyusha chuma miaka kama 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha habari za tanuri hizo, na wasomi wa Ulaya wakastaajabu kuona jinsi Waafrika walivyopata joto kubwa vile. Wazee wa Kihaya waliojenga tanuri upya kwa ajili ya uchunguzi waliweka ndani ya shimo lake matete ya kinamasini yaliyounguzwa. Lakini moto wenyewe ulitaka makaa, na makaa yalitaka miti, karne baada ya karne. Misitu ya nchi kavu iliyokaribu na tanuri ikapungua. Minziro ukabaki. Mkata makaa hakuona sababu ya kuingia majini mpaka kiunoni huku mti wa nchi kavu uko karibu.

Halafu walikuja waliokata nchi bila ya kushika shoka. Tarehe 1 Julai, 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mapatano ya kugawana nchi za Afrika ya Mashariki. Magharibi ya Ziwa Viktoria walikubaliana mpaka ufuate digrii moja kusini ya ikweta. Digrii ni nini? Ni mstari wa kuhesabu tu, uliochorwa juu ya ramani. Hauna mto, hauna mlima, wala hauna jiwe. Mwalimu, tafadhali chora ubaoni mto Kagera ukipinda, kisha uchore mstari ulionyoka juu yake, ili watu waone. Mstari ule uliupasua msitu mmoja. Upande wa kusini ukawa wa Wajerumani, nao ndio Minziro. Upande wa kaskazini ukawa wa Waingereza, nao ndio misitu ya Sango Bay katika Buddu. Mpodo mmoja ukawa raia wa nchi mbili. Ninyi wa Bugufi hamna haja ya kuelezwa zaidi, kwa maana mwasikilizana na watu wa ng'ambo katika Burundi bila ya mkalimani, na mpaka uko kati yenu.

Mwaka 1905, M. T. Dawe, aliyekuwa akisimamia kazi za misitu na mimea katika Uganda, alisafiri kuchunguza misitu ya Buddu. Mwaka 1917 mtaalamu wa mimea aitwaye Otto Stapf aliutia mti huu katika kitabu, akauita Podocarpus dawei, kwa heshima ya Dawe. Mwaka 1989 mtaalamu mwingine, C. N. Page, aliuhamishia katika jamii iitwayo Afrocarpus. Basi mti uliokwisha kuwa na jina midomoni mwa watu waishio kando yake ukapewa jina la mgeni. Silaumu, maana jina la kitabuni lamsaidia mtu wa Dodoma na mtu wa Japani kujua kwamba wazungumza juu ya kitu kimoja. Lakini ninyi mnaojifunza kuandika, andikeni na majina yenu ya miti, msingoje mgeni.

Mbao za mpodo ni za rangi ya maziwa yenye manjano kidogo, zimenyoka, hazina harufu, na randa hupita juu yake kama kisu katika siagi. Hazistahimili mchwa, kwa hiyo si mbao za nguzo. Ni za dari, rafu na masanduku. Kwa ajili hiyo zikapendwa sana. Wapasuaji huchimba shimo, gogo huwekwa juu, mtu mmoja akasimama juu ya gogo na mwingine shimoni, msumeno mrefu ukipanda na kushuka kati yao, na aliye chini hula unga wa mbao mchana kutwa. Kinamasi kiliizuia kazi hiyo majira ya mvua, lakini majira ya kiangazi njia zilifunguka. Tena Masaka na Kampala ni karibu na Minziro kuliko Mwanza, na mbao haziulizi digrii moja kusini ya ikweta iko wapi. Mkata miti akifukuzwa upande huu huvukia upande ule. Hapo ndipo mstari wa 1890 ulipoudhuru msitu kuliko shoka. Kila serikali ililinda nusu, na mwizi alikuwa na msitu mzima.

Mstari ule ule ulileta na vita. Kwa kuwa mpaka hauufuati mto, kuna kipande cha Tanzania kilicho kaskazini ya Kagera, na Minziro umo ndani yake. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalikiingia kipande hicho, na tarehe 1 Novemba serikali yake ikatangaza kwamba kimekuwa sehemu ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa kuvushwa mpaka, na maelfu wakakimbia kuvuka mto kwa njia yoyote waliyoipata. Jeshi letu liliwarudisha nyuma wavamizi, na tarehe 11 Aprili, 1979, Kampala ikaanguka. Wako kati yenu waliokuwa askari au mgambo wakati ule. Wao waweza kulisimulia darasa mambo haya kuliko mimi niliyezaliwa baadaye.

Baada ya miaka mingi serikali zilianza kutambua kwamba msitu ni mmoja. Kati ya 1998 na 2003 Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa na mradi wa pamoja wa kuhifadhi viumbe mipakani, na Minziro pamoja na Sango Bay ilikuwa mojawapo ya sehemu zake. Mwaka 2006 upande wa Uganda uliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu, yaani nchi zenye majimaji zinazostahili kulindwa. Upande wetu leo ni hifadhi ya mazingira asilia, ambamo kukata mti hakuruhusiwi. Wapenda ndege husafiri kutoka Ulaya kuja huko, kwa sababu ndege wengi wa misitu ya Kongo hawaonekani mahali pengine popote katika Tanzania.

Basi, je, mpodo umesalimika? Msumeno umepingwa. Lakini mti huu haukai juu ya udongo tu. Wakaa juu ya maji, na mlinzi wa Minziro hana mamlaka juu ya maji hayo. Mengi yatoka huku.

Mwakumbuka tarehe 28 na 29 Aprili, 1994. Watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi, wakikimbia mauaji ya Rwanda. Ngara iliwapokea. Benaco, palipokuwa mahali pa kazi ya barabara, pakawa na watu wengi kuliko miji mingi ya nchi yetu. Kila jiko lilitaka kuni. Mwanamke aliyekimbia na sufuria moja na watoto wanne hawezi kuambiwa asikate mti, wala sitamtafuta mtu wa kumlaumu. Lakini wazee wa Ngara waliniambia jinsi vilima vilivyobaki uchi, na jinsi mvua ziliposhusha udongo mwekundu mpaka mabondeni. Mwaka ule Kagera ulibeba mizigo miwili: udongo huo, na, kwa miezi kadhaa, miili ya waliouawa, ambayo ilielea mpaka Ziwa Viktoria. Wavuvi wa Uganda waliizika. Maji yaliyopita chini ya daraja lenu ndiyo yaliyopita kando ya mipodo ile.

Leo wakimbizi wale wamekwisha kuondoka, na miti imeota tena sehemu nyingi. Jambo linalonitia wasiwasi sasa ni dogo na la kimya. Watu wanachimba mifereji kukausha mabonde, ama wanapanda mikaratusi bondeni kwa kuwa yakua upesi na kuuzwa upesi. Bonde lenye mafunjo ni kama sifongo. Hushika maji ya masika na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Likikaushwa, maji yote hushuka kwa siku chache, yenye udongo mwingi, na kisha mto hupungua. Mpodo wahimili gharika, na wahimili tope. Lakini umekaa pale tangu zama za barafu kwa sababu maji yalikuja na kuondoka kwa zamu yake. Zamu hiyo ikivurugika, hakuna sheria ya hifadhi itakayoirudisha.

Nilimwandikia yule mama barua, nikamweleza haya kwa ufupi. Nilimwambia pia ukweli kwamba sikumshauri apande mpodo kwa ajili ya kuni. Mbegu zake huchelewa kuota, na mti wenyewe hukua polepole. Kwa kuni na boriti apande miti mlimani, mipakani mwa shamba la mihogo. Bonde aliachie mafunjo yake.

Akanijibu kwa mkono wake mwenyewe, mistari minne, herufi kubwa, bila ya kosa ila moja. Alisema bonde ameliacha. Kisha akauliza: mpodo ukipandwa leo utatoa ubao mwaka gani? Nikamjibu kwamba mimi na yeye hatutauona. Bado sijapata majibu yake.

Kabla ya kuzima redio, mwalimu, gawa darasa watu wanne wanne. Kila kundi limtafute mzee mmoja wa kijiji, limwulize bonde lililo karibu lilikuwa na maji mpaka mwezi gani alipokuwa kijana, na sasa lina maji mpaka mwezi gani. Andikeni miezi yote miwili, na jina la bonde kama wenyeji wanavyoliita. Andikeni na majina ya miti iliyokuwapo humo, kwa Kihangaza, Kishubi, Kisubi, au lugha yoyote mliyo nayo. Karatasi hizo mzilete somo lijalo, tutazisoma hapa hewani. Kwaherini.